Kikombe cha Mbege kwenye Makaroni ya Mama Naomi

Jumatatu, 10 Novemba

Nimekata majani ya ng'ombe, mizigo miwili. Mvua imenikuta kwenye shamba la kahawa. Nimerudi nimelowa, mke wangu akanitazama kwa jicho moja. Lile jingine limefunikwa tangu Ijumaa, wamemtoa mtoto wa jicho. Kwa jicho moja ananiona vizuri kuliko zamani kwa mawili. Ameona mpaka viatu vya matope nilivyoficha nyuma ya mlango.

Daktari amesema mwezi mzima asiiname, asikae kwenye moshi. Yaani hakuna jiko. Jana ilikuwa Jumapili ya kwanza bila makaroni yake tangu tuoane. Tumekula wali na maharage. Nilitaka kulia. Sikulia. Nimezeeka, lakini siyo kiasi hicho.

Jumatano, 12 Novemba

Njaa ya makaroni haijaisha. Niandike basi.

Mke wangu, Mama Naomi, hana mashine ya kusaga nyama. Anaikatakata kwa visu viwili juu ya gogo mpaka inakuwa kama mchanga. Anaikaanga kavu mpaka ianze kulia kwenye sufuria. Ndipo vitunguu, ndipo nyanya. Makaroni anayatia mabichi, yanaivia humo humo kwenye mchuzi wa nyama, juu jani la mgomba, kifuniko, na makaa juu ya kifuniko. Yakiiva yamesimama. Unakata kwa mwiko kama ugali. Marehemu mama yangu alipoletewa mara ya kwanza alisema yeye hali mabomba. Sahani ya pili aliomba mwenyewe.

Naomi, binti yetu mkubwa, mwalimu, anakaa Elerai. Yeye anachemsha makaroni pembeni, anayapanga na nyama kwenye bakuli la kioo, jibini juu, halafu oveni. Yanatoka kama keki ya harusi. Huwa namuuliza bwana harusi yuko wapi. Lakini tamu, sisemi uongo.

Dorcas, mke wa Eliya, kitinda mimba wetu, ni Mchaga wa Rombo. Ya kwake yana mchuzi mwingi, njegere, na ndizi mbichi zilizokatwa vipande vidogo vidogo. Nilimcheka. Mchaga hata makaroni lazima ayatafutie ndizi! Kisha nikalamba sahani. Huyapikia chumbani kwao, kwenye jiko la gesi. Jiko kubwa la nje ni la Mama Naomi. Hakuna mwanamke mwingine aliyewahi kushika mwiko mle.

Ijumaa, 14 Novemba

Kipaimara cha Gloria, binti wa Naomi, ni Jumapili ya tarehe 23. Sherehe hapa kwetu. Watu sitini na mchungaji juu. Naomi kapiga simu, anataka kuleta mabakuli yake ya kioo. Mke wangu kakataa.

"Eliya ndiye anayebaki kwenye boma hili. Mke wake ndiye atakayepika. Na apike yangu, siyo ya Rombo. Akiweza, jiko ni lake. Akishindwa, Naomi atakuwa anakuja kila Jumapili, basi."

Dorcas akasema, "Sawa, mama." Akatazama miguu yake. Miaka miwili yuko hapa anaishi kama mgeni aliyesahau kuondoka. Nilimwonea huruma. Huruma yangu haikai sana.

Jumapili, 16 Novemba

Nimefanya utundu.

Dorcas kanifuata kwenye banda la ng'ombe. Mke wangu hafundishi, yeye husema tu "angalia", na sasa hakuna cha kuangalia. "Shikamoo, baba. Eti mama hutia nini mpaka nyama inakuwa na ule uchachu kwa mbali?"

Mimi sijui. Nyanya, nadhani. Nikakaza uso. "Kikombe cha mbege kwa kila kilo. Siri ya nyumba hii. Usimwambie mtu."

Mke wangu ni katibu wa akina mama kanisani! Pombe, hata ya ndizi, haivuki geti letu, mimi mwenyewe hunywea kwa jirani. Nikangoja Dorcas acheke. Hakucheka. Mkwe hamuulizi baba mkwe kama anatania. Akapiga goti kidogo, "Asante, baba," akaenda. Nimecheka peke yangu mpaka ng'ombe kageuka kunitazama.

Jumanne, 18 Novemba

Ta-ta-ta-ta. Visu viwili kwenye gogo tangu asubuhi. Siku ya pili anajifunza. Kiganja kimetoka malengelenge, kakifunga kitambaa, anaendelea. Ameharibu sufuria mbili. Ya tatu nimeonja. Yamesimama! Mbege haimo. Nikajua ameshagundua utani. Msichana ana akili. Na ana moyo kuliko wanangu wote, hilo nimeandika na sifuti.

Jumamosi, 22 Novemba

Hajagundua kitu.

Karudi kutoka Usa River na kilo kumi na mbili za nyama. Chini ya nyama, dumu limeviringishwa kanga. Alishuka kituo cha Maji ya Chai kununua mbege; Jumanne alikuwa hajaipata tu. Lita tatu. Vikombe kumi na viwili, kapiga hesabu.

Ilikuwa niseme. Lakini uani kumejaa wanawake wanamenya viazi, Naomi kasimama katikati anatoa amri. Ningesema, wangejua wote. Nimekwenda kujificha kwenye kahawa. Nina miaka sabini na nne. Mwoga mkubwa.

Jumapili, 23 Novemba

Gloria kavaa nyeupe, kapendeza. Mke wangu miwani nyeusi kama mwanamuziki. Mahubiri sikusikia hata neno. Nilikuwa nawaza dumu.

Tumerudi, tumekuta sufuria tatu zimefunikwa majani ya mgomba. Dorcas hakuja kanisani, amekesha na moto uani. Akafunua. Harufu ya nyama, na chini yake harufu nyingine ninayoijua vizuri sana.

Watu wakapakuliwa. Mchungaji kajaza. Mke wangu anakula. Naomi kaweka kijiko kimoja mdomoni, akashusha sahani.

"Nani katia pombe humu? Mchungaji analishwa pombe!"

Macho yote kwa Dorcas. Nikangoja anionyeshe kidole. Ilikuwa haki yake. Hata kunitazama hakunitazama.

"Ni mimi, wifi. Nisameheni."

Basi. Hayo tu. Jiko linamponyoka mbele ya watu sitini, na kumtaja baba mkwe hataki. Nilijiona mdogo kama punje ya ulezi. Nikasimama. Magoti yakalia, nadhani wote waliyasikia.

"Ni mimi. Nilimdanganya kwamba ndiyo siri ya mama mkwe wake. Nilitaka kucheka. Kosa lake ni moja, kuniheshimu."

Mke wangu aliendelea kutafuna. Akameza. Akafuta mdomo.

"Naomi. Harufu ya mbege wewe umeijulia wapi?"

Watu walipasuka kwa kicheko! Naomi kakosa pa kuweka uso. Mchungaji akasema ana mafua siku ya tatu, hasikii harufu yoyote, akanyoosha sahani aongezwe.

Mke wangu akasubiri watulie. "Nyama imekatwa vizuri. Makaroni yamesimama. Uchachu umezidi kidogo." Akachota kijiko kingine, mpaka nikatamani kumfinya. "Kesho, Dorcas, chai utapikia jiko kubwa."

Vigelegele. Dorcas kainamia sufuria, kajifuta kwa kanga, kasingizia moshi.

Sahani yangu kaileta mwenyewe, mikono miwili, goti chini. "Karibu, baba." Makaroni matupu, kayachemsha kando. Nyama hata chembe! Nimekula yote bila kulalamika. Baadaye nikaiba vijiko viwili kwenye sahani ya Gloria. Mungu anisamehe, ni makaroni matamu kuliko yote niliyowahi kula nyumba hii. Daftari hili mke wangu asilione.

Jumatatu, 24 Novemba

Mvua imekatika. Mlima Meru umeonekana mpaka juu.

Mama Naomi hajaamka. Jua limefika dirishani, bado yuko kitandani. Sijawahi kuona kitu kama hicho. Jikoni moshi unatoka, kuni zinapasuliwa, Dorcas anaimba kwa Kichaga. Sielewi hata neno.

Nilidhani mke wangu kalala. Kumbe macho wazi, anasikiliza. Nikamuuliza kama anataka kitu. Hapana. Nikakaa pembeni ya kitanda.

Chai ikaja.