Leso Shingoni kwa Nasra

Jumatatu, 4 Novemba
Nimeshona sare mpaka jioni, kisha nikajifungia chumbani kufanya mazoezi. Leso nyekundu ya hariri, nimeikata kwenye bitana ya gauni la bibi harusi. Unaisokomeza ndani ya ngumi, unafungua ngumi, hamna kitu. Imo ndani ya kidole gumba cha plastiki nilichovaa juu ya changu. Yule jamaa wa kwenye video ya simu ninayojifunzia anafanya bila hata kuangalia. Mie kidole kimedondoka uvunguni. Mwalimu wa chekechea hapa Kiwalani kaniomba niwachezee watoto mazingaombwe siku ya mahafali. Nilikubali haraka mno.

Alhamisi, 7 Novemba
Leo nimejaribu uani, mbele ya watoto wa nyumba nzima. Leso ikapotea. Nikaitoa shingoni kwa Nasra, mtoto wa mpangaji mwenzangu wa chumba cha mbele. Ana miaka minne. Alicheka mpaka akakaa chini. "Tena, Anti Rehema, tena!"
Mama yake alikuwa anaosha vyombo. Hakucheka. Akauliza, "Hivi kwenu ni Sumbawanga, eh?"
Nikasema ndiyo. Waliokuwa wanasukana wakatazamana. Tangu nije Dar watu wananitaniaga kwamba sie wa Sumbawanga ni wachawi, tunasafiri kwa ungo. Nimezoea. Leo haukuwa utani.

Ijumaa, 8 Novemba
Nasra ana homa. Hajatoka kucheza.

Jumamosi, 9 Novemba
Degedege. Nilimsikia Mama Nasra akipiga yowe, nikakimbia nimsaidie kumbeba. Akanisukuma. "Usimguse! Usimguse mwanangu!" Wakampakia kwenye bajaji kwenda hospitali. Nikabaki uani, watu wananitazama mikono. Sikujua niiweke wapi.

Jumapili, 10 Novemba
Hakuna anayeitikia salamu. Bombani wanawake wamenyamaza nilipofika. Mlangoni kwangu mtu kamwaga chumvi.
Mzee Shomari, mwenye nyumba, nilimwamkia. Akaitikia marahaba akiangalia pembeni. "Mwanangu, mie sina neno na wewe. Ila kuna vijana wa mtaani wanaulizia chumba chako ni kipi."
Naogopa. Si aibu, si hasira. Naogopa kuuawa. Niliwahi kuona walichomfanyia bibi mmoja waliyemwita mchawi.
Nimefungasha begi. Nimelifungua. Nikikimbia watasema ndiyo ilivyo.

Jumanne, 12 Novemba
Nasra karudi. Kakonda, lakini anatembea. Malaria, daktari kasema. Mama yake kasimama uani akasema kwa sauti: malaria nayo inatumwa. Vijana walikuwa wamekaa getini. Sikuwajua.
Nikatoka na leso na kile kidole. Nikaomba kila mtu asogee. Nikacheza taratibu, leso ikapotea, kisha nikakivua kidole nikakiinua juu wakione. Nikamvisha Mzee Shomari.
"Mbona plastiki hii," akasema.
Akaisokomeza leso mwenyewe. Pembe ikachungulia nje. Mtu akacheka. Vijana nao wakasogea, wakaanza kugombea, braza niachie na mie nijaribu. Mama Nasra alikuwa wa mwisho. Akakivaa, akakigeuzageuza, akanirudishia.
Nilipoingia ndani nilifunga mlango kwa komeo.

Jumamosi, 16 Novemba
Mahafali. Watoto wa nyumba yetu wakapiga kelele, "Iko kwenye dole gumba!" Wengine hawakuwasikia, walikuwa wanashangilia. Nilikuwa nawatazama wazazi badala ya watoto. Kila aliyemnong'oneza jirani yake, moyo ulinidunda. Mwalimu kafurahi, anataka nirudi mwakani. Nimemwambia tutaona.

Jumapili, 17 Novemba
Adhuhuri Mama Nasra kaja na sahani ya vitumbua. Akaomba radhi. Nikasema yameisha, nikajisikia mwepesi. Kisha akarudisha mlango, akakaa kitandani karibu yangu.
"Ile ya plastiki nimeiona," akasema taratibu. "Ulifanya la maana kuwaonyesha ile. Sasa mie nisaidie kwa ile yenyewe."
Baba Nasra ana mwanamke huko Goba. Harudi nyumbani. Mama Nasra anataka nimrudishe.
Nikamwambia sina uchawi wowote. Nikaapa. Akanishika mkono, akatabasamu kama tunaficha jambo pamoja.
"Najua huwezi kusema, dada. Nitasubiri."
Kaondoka. Sijui atasubiri mpaka lini. Sijui akichoka atawaambia nini watu.
Uani Nasra anaimba na wenzake. Sauti imemrudia vizuri. Nimekaa namsikiliza. Vitumbua sijavigusa.