Wanawake Sitini na Watatu Kwenye Daftari la Kijani

Mshauri wetu mpendwa, naomba msaada wako na naomba unisome mpaka mwisho hata kama mwandiko umepinda, maana nakuandikia nimesimama, kukaa siwezi, nikikaa nayaona tena yale maandishi, na mimi ni fundi cherehani, mtu wa kukaa, siku ya nne leo pedali sijaikanyaga na nguo za watu zimelundikana mpaka dirishani.

Niko kwenye ndoa mwaka wa kumi na tisa. Nilikuja kwa huyu bwana na cherehani yangu na sanduku moja la bati, sikuwa na kingine, na kwa kweli hajawahi kunipiga wala kunitukana, ni mpole, kazi yake ni kusoma mita za maji nyumba kwa nyumba, anaandika namba, anarudi, anakula, ananyamaza. Nikivaa nguo mpya nikamuuliza vipi, anasema "sawa". Nikisuka nywele, "sawa". Miaka kumi na tisa ya "sawa", mshauri, nikajisemea ndivyo alivyoumbwa, wengine wamepewa maneno, wengine wamepewa masikio. Starehe yake ni moja tu, sarafu za zamani za Meksiko, nchi ambayo mimi mpaka nilionyeshwa kwenye ramani, ilianza mhandisi mmoja wa maji alipompa moja kama zawadi, basi ndiyo ukawa ugonjwa, kila sarafu ina kibahasha chake chenye namba, zote kwenye boksi la viatu juu ya kabati, na Jumapili mchana anaketi dirishani na lenzi jichoni, nami nashukuru Mungu, maana waume wa wenzangu starehe yao ni chupa.

Sasa Jumapili iliyopita kazini wakampeleka mafunzo ya wiki mbili. Jumatatu asubuhi akanipigia simu, "Mama, hebu panda kwenye stuli unisomee kibahasha namba kumi na mbili kimeandikwaje." Nikapanda, nikamsomea, akasema ahsante, akakata. Wakati wa kushuka mkono ukagonga daftari la kijani lililolala nyuma ya boksi, likaanguka, likafunguka lenyewe, na macho hayana pazia.

Nikasoma. "Mo 43. Uso wa pembeni, nywele amezifunga kisogoni. Mrembo." Mrembo! Mume wangu huyu huyu wa "sawa"! Nikafunua. "Mo 57. Uso mzuri, tai safi, mgongo umechubuka kidogo." Umechubukia wapi huo mgongo, mshauri? Na hiyo tai ina maana ni mwanamke wa ofisini, tena mwenye cheo. "Mo 47. Nimemtafuta miaka sita, leo nimempata. Mzito, wa baridi mkononi. Nimemlaza kwenye pamba." Nikaketi sakafuni. "Mo 68. Amechakaa usoni lakini simwachi." Sitini na nane! Bibi wa watu, wajukuu wanamngoja nyumbani! Na wote anawaita Mo, nadhani anaficha majina, umri tu ndio unaowatofautisha, na amewapa namba, wa kwanza mpaka wa sitini na tatu. Wanawake sitini na watatu, mshauri! Huyu mtu mita anazisoma saa ngapi?

Hayajaisha. Kuna mahali ameandika, "Nimebadilishana na daktari wa meno. Nimempa wawili wa 57, kanipa mmoja wa 44." Salale! Daktari wa meno! Mtu mzima na koti lake jeupe, aliyening'oa gego mwaka jana huku akiniita shemeji! Na sasa hivi jino jingine linanisumbua, shavu limevimba, lakini kwake siendi, afadhali nife nalo.

Lakini lililonimaliza ni ukurasa wa mwisho, umeandikwa peke yake kwa kalamu nyekundu. Nakunakilia kama ulivyo: "Huyu simpi namba. Kidole cha shahada cha kushoto kina alama ya sindano. Alikuja na cherehani na sanduku. Hauzwi, habadilishwi. Nikitangulia mimi, asiondolewe nyumbani."

Mshauri, kidole chenye alama ya sindano ni kidole cha fundi cherehani. Hata mimi ninayo, ilinipitia mwaka wa kwanza wa ndoa nikishona mapazia ya nyumba hii hii, mpaka leo kuna kidoti cheusi, mafundi wote tunazo. Na fundi aliyewahi kuleta cherehani yake nyumbani kwangu ni mmoja tu, shoga yangu ninayeshona naye chumba kimoja, paa lilipovuja aliileta ikakaa kwetu wiki nzima, na aliyembebea ni nani? Mume wangu! Kikulacho ki nguoni mwako. Kwa hiyo wale sitini na watatu ni wapita njia, huyu ndiye wa moyoni, na nyumba yangu ameshaandikiwa. Tangu siku hiyo siongei naye, akinisalimia naongeza sauti ya redio. Jana akaniuliza, "Shoga, nimekukosea nini?" Nikamjibu, "Kiulize kidole chako." Akakitazama kidole, akanitazama mimi, akaanza kulia. Nikasema tazama mnafiki huyo.

Nikarudi nyumbani mbio, nikashusha lile boksi, nikafungua vibahasha vyote sitini na vitatu, sarafu nikazimwaga kwenye beseni la kufulia, vibahasha nikavitupa jalalani. Aumie na yeye. Sonara amekubali kuziyeyusha Ijumaa ya wiki ijayo anitengenezee bangili, ila kasema nizisugue kwanza kwa limau na majivu, nimejaribu moja, imeng'aa kama sufuria mpya. Mume anarudi Jumamosi yake, na Jumapili mchana nimeita kikao, kaka yake mkubwa, shangazi yake na mjomba wangu, daftari lisomwe mbele ya wote ukurasa kwa ukurasa. Ninachoomba ni hiki: niwasomee wote sitini na watatu, au nianze na huyo wa kidole? Na je, nihame kabla ya kikao au baada?

Ni mimi,
Nilidhani Namjua

*

Nilidhani Namjua, weka limau chini. Kabla hujasoma mstari mwingine, weka limau chini, kisha mpigie sonara umwambie Ijumaa haipo.

Sasa kaa. Barua yako ilinishtua hata mimi, nilipofika kwa daktari wa meno nilivua miwani nikaifuta. Nimesoma barua za wanaume wa nyumba mbili, za wanaume wa nyumba tatu, lakini sitini na watatu sijapata kuona. Kisha nikarudi juu nikasoma tena pole pole. Vibahasha sitini na vitatu. Wanawake sitini na watatu. Mwanangu, wewe unapima viuno vya watu kwa futi kila siku ya Mungu, hesabu hii ilikupitaje?

Niliteremka kwa fundi saa aliye mlangoni pa jengo letu, mzee mwenye ugonjwa huo huo wa sarafu. Nikamsomea mstari mmoja tu, ule wa Mo 47 aliyelazwa kwenye pamba. Mzee akaruka kwenye kiti. "Anayo? Ya arobaini na saba? Iko katika hali gani?" Nikamwambia mzee, tulia, hii ni kesi ya ndoa. Ndipo akanipa lenzi akanionyesha sarafu yake mwenyewe: herufi M, na juu yake herufi o ndogo sana. Ni alama ya kiwanda cha Jiji la Meksiko kinachotengeneza sarafu hizo. Mo si mwanamke. Arobaini na saba si umri, ni mwaka, elfu moja mia tisa arobaini na saba. Mgongo ni upande wa pili wa sarafu. Na tai, Mungu nisamehe ninacheka, tai huyo si wa kufunga shingoni. Ni ndege! Sarafu za Meksiko zina tai amemkamata nyoka. Yule mrembo wa nywele kisogoni yupo kweli, amechorwa kwenye shaba, na ukubwa wake ni kifungo cha koti. Daktari wa meno ni mkusanyaji mwenzake tu, kwa hiyo nenda akalitazame hilo jino kabla shavu halijafika begani.

Kilichokaribia kuivunja ndoa yako ni kiambishi. Sarafu kwa Kiswahili imechakaa, mumeo kaandika amechakaa. Sarafu mtu anaipata, yeye kaandika nimempata. Kazipandisha cheo zikawa watu. Hilo ni kosa lake, nitamfikia. Lakini wewe! Simu unayo, mtu alikupigia asubuhi ile ile, na ukamuuliza kila mtu isipokuwa mwenye daftari. Sonara unamwambia, mjomba unamwita, mimi unaniandikia, mumeo hajui kitu. Hasira hasara, na hasara yako ya kwanza ni shoga yako aliyekaa akilia huku anatazama kidole chake.

Tuje sasa kwa huyo wa kalamu nyekundu. Nilipomsomea fundi saa na ukurasa ule, alitikisa kichwa. Halafu akasema, "Huyo si sarafu, mama. Sarafu haina kidole." Ni kweli, hapo hukukosea, huyo ni mtu. Basi nikarudi kwenye barua yako kumtafuta. Alikuja na cherehani na sanduku. Shoga yako alikuja na cherehani, sanduku hukulitaja. Nimelikuta mahali pengine, huko juu, kwa mwandiko wako mwenyewe: sanduku moja la bati. Na kidole kilichotobolewa na sindano kwa ajili ya mapazia ya nyumba hiyo hiyo, mwaka wa kwanza. Soma tena. Mimi sina haraka.

Umeona? Umeita ukoo mzima kuja kumshtaki mume kwamba anampenda mkewe.

Na wewe bwana msoma mita, kama gazeti hili limekufikia huko mafunzoni, usijione umeshinda. Kipande cha shaba unakiambia "mrembo", mkeo unamwambia "sawa"? Miaka kumi na tisa? Haya yote yametokea kwa sababu mwanamke alikutana na maneno matamu ya mumewe akaona hayawezi kuwa yake. Aibu hiyo ni yako, ubaki nayo.

Mwanangu, fanya hivi. Leo, kabla hujafanya lolote, nenda kwa shoga yako kwa miguu yako, usimtumie ujumbe. Mwambie yote, pamoja na la kidole, kisha umwache akucheke mpaka achoke, ana haki hiyo. Shangazi, kaka mkubwa na mjomba uwaambie kikao hakipo, ulikosea, ukome hapo, usianze kujieleza. Vibahasha kama havijazolewa kaviokote. Kama vimezolewa, wewe ni fundi: shona vifuko sitini na vitatu vya kitambaa laini, usiviandike namba bado. Sarafu usizioshe hata kwa maji, na ukiishika moja, ishike ukingoni. Ile uliyoisugua usiifiche. Fundi saa anasema ile haiponi tena, limau likishaitoa rangi yake ya uzee hairudi, na aliposikia alikunja uso utadhani kachomwa yeye. Iweke mezani peke yake na useme, "Hii niliisugua mimi, nilikuwa na hasira." Ataumia. Mwache aumie, usimharakishe.

Akirudi Jumamosi apumzike. Jumapili mchana, saa ile ile uliyotaka ashtakiwe, kaeni dirishani, beseni katikati, lenzi apewe yeye, daftari ulishike wewe. Wewe unasoma, yeye anatafuta: nani amechubuka mgongo, nani amechakaa usoni, nani alitafutwa miaka sita. Mkimpata mmoja anaingia kwenye kifuko chake na unakiandika namba. Ni kazi ya siku nzima, labda na Jumapili ya pili, na humo humo utamsikia mtu wako akizungumza kuliko alivyozungumza tangu mapazia yale yatundikwe.

Ila mkifika ukurasa wa mwisho usisome. Mpe yeye daftari, weka mkono wako wa kushoto juu ya meza, na umwambie asome kwa sauti.