Sehemu ya Tatu Sikuwa Nimeisoma

Ijumaa, 13 Februari

Kipindi cha mwisho tena, kabati la vitabu wazi, watoto wa Gredi ya Saba hadi ya Tisa wamebanana watatu watatu kwenye dawati. Kila Ijumaa nasimama mbele nasifu kitabu kimoja. Leo nimesifu vitatu kwa mkupuo. Mfululizo wa Majina Arobaini, tuliopewa na mfadhili mwezi uliopita. Nakala nane za sehemu ya kwanza, mbili za pili, moja tu ya tatu.

Niliwauzia kama muuza mitumba wa Keroka siku ya soko. Hadithi yenyewe ni hii: nchi imetoka kwenye ukame. Serikali inaruhusu majina arobaini pekee, yote ya watu waliokufa. Ukizaliwa unapewa jina la marehemu, na pamoja nalo kazi yake, maadui zake na hata kitanda chake. Ukifika miaka kumi na mitatu unaapa mbele ya watu kwamba utaishi kama yeye. Msichana mmoja anakataa.

Hapo nikafunga kitabu. Darasa lilipiga kelele hadi mwalimu mkuu akachungulia dirishani.

Nikawaambia: someni zote tatu, mtanishukuru. Mimi mwenyewe nimesoma ya kwanza. Hizo nyingine nitamaliza nikipata nafasi. Masahihisho yamenifika shingoni.

Sheria ni ile ile. Anayetaka sehemu inayofuata asimulie kwanza aliyosoma, mbele ya wenzake. Nyanchama wangu atasimulia wa mwisho. Sitaki kusikia mtu akisema mtoto wa mwalimu amependelewa.

Jumapili, 22 Februari

Nyanchama hajainua kichwa tangu asubuhi. Amesoma akimenya ndizi, amesoma akichota maji. Uji wa wimbi umeungua. Nilimgombeza kidogo, kwa ajili ya uji tu. Moyoni nilifurahi.

Jioni alimpelekea Tata, baba yangu, chakula. Ndio mchezo wao. Baba yangu humwuliza, kwa lugha yetu, "Mama, umenipikia?" Naye hujibu, "Kula, mwanangu." Tangu alipojua kusema. Ana jina la mama yake Tata, kwa hiyo ndiye mama yake, na mzee wa miaka themanini huomba ruhusa kwa mtoto kwenda sokoni. Wageni hucheka. Sisi hatuoni cha kuchekesha.

Jina lilitoka kwetu kwa sababu kwa baba yake hakukuja mahari, hata ukwato wa ng'ombe. Nilirudi nyumbani na mimba na begi moja. Majirani wa Birongo nzima walikuwa na la kusema. Siku alipozaliwa Tata alimpakata, akasema mama yake amerudi, na tangu siku hiyo hakuna aliyethubutu kuuliza mtoto ni wa nani. Huyu ni mama wa mwenye boma. Utamuuliza nini?

Jumatano, 4 Machi

Leo hakujibu.

Tata aliuliza, akasubiri. Akauliza tena. Nyanchama aliweka sahani ya ugali na mboga ya chinsaga mezani, akasema: "Babu, tafadhali usiniite mama. Mimi si mama wa mtu. Nina miaka kumi na mitatu. Naitwa Faith."

Faith ndilo jina lake la Kizungu. Mengine ni maneno ya kitabu matupu. Yule msichana wa sehemu ya kwanza anasema karibu hivyo hivyo langoni anapokataa kuapa.

Tata hakumtazama yeye. Alinitazama mimi. Alikuwa akingoja niseme kitu. Nami nilikuwa nimesimama mlangoni na mwiko, nikifikiri: kusoma kumemwingia huyu. Nilijivuna. Nikarudi jikoni.

Chakula kilipoa.

Alhamisi, 5 Machi

Nimezungumza naye. Nimemwambia heshima kwanza. Akasema hakumtusi mtu, aliomba tu, tena kwa tafadhali. Ni kweli. Akaniuliza kama ningependa kuitwa kwa jina la mfu maisha yangu yote. Nami naitwa kwa jina la shangazi yake Tata. Sikumbuki kama liliwahi kunielemea. Sikumbuki kama mtu aliwahi kuniuliza.

Nikamtuma akalete kuni. Mwalimu mzima.

Jumapili, 15 Machi

Tata amekwenda kwenye migomba nyuma ya nyumba, alikozikwa mama yake. Alivua kofia. Alisimama pale kitambo, akizungumza kwa sauti ya chini kama anayeongea na mtu wa jirani juu ya ua. Sisi ni Wasabato, hatuwaombi wafu. Lakini Tata haombi. Hupeleka habari tu. Mtu akioa, akifa, ng'ombe akizaa, yeye huenda kusema.

Aliporudi aliniambia: "Nimemweleza. Mtoto amechoka kulibeba, amelitua. Si vibaya."

Hakuwa na hasira. Heri angekuwa nayo. Hasira ya Tata naijua, huisha kabla chai haijachemka.

Jioni alimwita Nyanchama kwa jina hilo la Faith. Ulimi ulimgomea, akarudia mara kadhaa peke yake. Nyanchama alitabasamu, akamshukuru. Nikaona yameisha. Sikio langu hilo, lililosikia "amelitua", lilikuwa limezibwa na nini?

Ijumaa, 27 Machi

Tumefunga shule wiki hii. Watoto wanazizungumzia zile sehemu tatu hata kwenye foleni ya chakula cha githeri. Kerubo, mtoto machachari kuliko wote, ameimaliza ya pili na kusema mambo yamegeuka, wajinga walikuwa sisi wasomaji. Nilicheka tu. Nilikuwa na ripoti za kujaza.

Nyanchama aliomba sehemu ya pili aje nayo nyumbani. Bado hajasimulia ya kwanza. Zamu yake ilikuwa leo, kengele ikalia kabla hajafikiwa. Nikamwambia sheria ni sheria, atasimulia tukifungua. Nikalitia kabati kufuli, ya pili na ya tatu ndani.

Alinuna njia nzima. Nilijiona mama mwenye msimamo.

Jumatatu, 13 Aprili

Ombati amepiga simu kutoka Suneka. Mkewe, Rose, yuko karibu kujifungua. Ndugu yangu huyu ana wavulana wawili, na safari hii wanangoja msichana.

Tata aliomba simu. Akamwambia Ombati: akiwa msichana, ni Nyanchama. Ombati akauliza, na huyu wa dada? Tata akasema wajukuu wawili wakiwa na jina moja hakuna ubaya, hata wa tatu anaweza kupewa. Lakini wa kuitwa mama ni mmoja, na huyu wa hapa ameomba apumzishwe. Mama yake marehemu hawezi kukaa nje bila mtu wa kumpokea.

Nyanchama alikuwa anafua uani. Alisikia. Mikono ilisimama majini.

Jumanne, 14 Aprili

Nilikwenda shuleni asubuhi na ufunguo wangu, nikavitoa vitabu vyote viwili. Nimesoma kutwa nzima chini ya mgomba, sikupika. Kuku waliingia ndani.

Sehemu ya pili msichana anatembea nchi nzima bila jina, na kila anapolala watu wanamwuliza ni wa nani. Hana la kusema. Sehemu ya tatu anakuta wazee wanaokumbuka mambo ya kabla ya ukame. Kumbe kupeana majina ya waliokufa kulikuwa upendo wa watu wenyewe, mtu alipewa ili asisahaulike na ili asiwe peke yake. Serikali ndiyo iliyolichukua pendo hilo ikalitia pingu ikaliita sheria. Kurasa za mwisho msichana anarudi langoni, analiomba jina la bibi yake kwa hiari. Anapewa.

Hicho ndicho kitabu nilichokisifu. Nilikisifu kwa theluthi yake. Ningesoma hii ya tatu kabla ya kufungua mdomo wangu mrefu, ningewaambia watoto: ngojeni, msimhukumu mtu bado. Ningejua la kusema nikiwa na ule mwiko mlangoni.

Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Kwetu mjukuu mwenyewe yuko chumba cha pili, hajala tangu jana.

Nimempa vyote viwili. Sikutaja kusimulia.

Jumapili, 19 Aprili

Amemaliza jana Sabato ikiisha. Leo alfajiri alimfuata Tata kwenye majani chai. Nilikuwa mistari michache nyuma yao, nachuma. Sikujificha. Sikujitokeza pia.

Alimwambia alikosea. Kwamba analitaka jina, si kwa kulazimishwa, analitaka yeye. Alisema vizuri kuliko mtoto yeyote aliyewahi kusimama mbele ya darasa langu.

Tata aliendelea kuchuma hadi mwisho wa mstari. Kisha akamwambia jina ni lake, liko kwenye cheti, hakuna wa kumnyang'anya. Lakini habari aliyompelekea mama yake hawezi kwenda kuirudisha. Hajawahi kumpelekea mama yake habari mbili zinazopingana. Na tena Ombati ameshaambiwa, Rose ameshaambiwa, mtoto yuko njiani.

Nyanchama akauliza: na akiwa mvulana?

Tata akacheka kidogo, akamshika bega. "Akiwa mvulana, tutaongea."

Basi ndio hapo tulipo. Msichana wangu anangoja mimba ya watu.

Jumamosi, 2 Mei

Kanisani leo nimemwomba Mungu mtoto wa Rose awe mvulana. Nimepiga magoti kabisa. Rose aliyeniletea kitenge Krismasi, Rose ambaye kila mwaka anasema anatamani wa kumsuka nywele. Nimemwombea akose.

Nilipofumbua macho nilimwona Nyanchama kando yangu, bado ameinama, midomo inacheza. Najua alikuwa akiomba nini. Nimemfundisha hata hilo.

Jumatano, 6 Mei

Ni msichana. Kilo tatu na kitu. Mama na mtoto wazima.

Tata amevaa koti lake la harusi na kukaa nalo kutwa, ingawa hakuna pa kwenda.

Nyanchama alisema, "Hongera kwa mjomba na mkewe." Akaenda kukata nyasi za ng'ombe. Alikata nyingi mno, hata za kesho.

Ijumaa, 8 Mei

Kabati wazi tena. Nimesimama mbele na Majina Arobaini mkononi, nimewaambia ukweli. Kwamba mwezi wa pili niliwasifia mfululizo ambao nilikuwa nimesoma sehemu moja. Kwamba sasa nimesoma yote, na bado nausifu, tena zaidi. Lakini anayeishia ya kwanza ameondoka na moto bila jiko.

Kisha Kerubo: "Mwalimu, kwani ulitupea chakula hujaonja?"

Walicheka sana. Nikasema ndiyo, niliwapa chakula sijaonja. Wengine wakaacha kucheka.

Sheria ya kusimulia nimeifuta kwa vitabu hivi. Kuanzia leo anayeazima anaazima zote tatu, zimefungwa pamoja kwa kamba ya katani. Kwa kuwa ya tatu ni moja tu, wanangoja zamu. Wamelalamika. Wangoje.

Nyanchama alikaa nyuma, mkono shavuni. Hakuna aliyejua nilikuwa nasema na nani. Nilitaka asikie mbele za watu kwamba kosa halikuwa lake. Sijui kama alisikia. Njiani tulizungumzia mvua.

Jumapili, 24 Mei

Ombati na Rose wamekuja Birongo na mtoto. Amevikwa kofia ya sufu ya manjano, uso wote mikunjo. Tata alinawa mikono hadi viwikoni kabla ya kumpokea. Akaketi. Akamwinamia, akasema pole pole, "Mama, umefika." Mtoto akapiga chafya. Wote tukacheka, Rose akafuta macho.

Nyanchama alikuwa mlangoni na sinia la chai. Akaingia, akamwekea babu yake kikombe pembeni, mahali ambapo mkono wa mtoto usingefika. Tata aliinua macho akamtazama kwa upendo wote alio nao, akasema, "Asante sana, Faith."

Alilitamka sawasawa. Mzee huyu amekuwa akifanya mazoezi.

Yeye akasema karibu. Akamgusa mtoto mguu, akamwambia Rose mtoto ni mzuri. Kisha akatoka, nami nikamfuata jikoni.

Alikuwa ameshaketi kwenye kigoda, mkungu wa ndizi mbele yake, anamenya. Utomvu ulikuwa umemjaa vidole, hakupaka mafuta kwanza. Nilitafuta la kumwambia. Nina maneno mengi mimi, ndiyo kazi yangu. Kwamba Tata anampenda. Anajua. Kwamba ana jina, liko kwenye cheti. Anajua.

Nikamwambia, "Nyanchama."

Akaitika, "Naam." Lakini alitazama kwanza upande wa sebule, kuona kama labda aliyeitwa ni yule mwingine.

Nilivuta kigoda nikaketi. Wageni walikuwa na njaa, tukamenya.