Daftari la Akeyo

Mjukuu wangu Atieno,

Habari za Nairobi? Sisi hapa Asembo Bay tuko salama, babu yako yuko nje anaanika omena, wale dagaa wa ziwani.

Umeniuliza kama ni vibaya kumwonea wivu mwenzako anayekushinda hesabu. Mimi nilifanya makubwa zaidi. Kidato cha kwanza nilikaa dawati moja na Akeyo. Mwalimu akiuliza asilimia, Akeyo alijibu kabla sijashika kalamu, na roho iliniuma kweli. Siku moja nikaiba daftari lake ili ashindwe mtihani.

Nyumbani nililifungua. Kila hesabu ilikuwa imefutwa na kurudiwa, mpaka karatasi zimetoboka. Wivu ukanizidi, maana sasa sikuwa na kisingizio kwamba yeye alizaliwa na akili tu. Hesabu ya mwisho hakuwa ameimaliza. Nikaijaribu kwa ukaidi, nikaipata.

Kesho yake nilimrudishia. "Ni mimi niliyelichukua," nikamwambia.

Alilipokea, akalifungua. "Uliona ile ya mwisho? Imenishinda wiki nzima."

Atieno, nilitamani sana kusema sikuiona. Nikasogea karibu, nikamwonyesha. Wivu haukuisha siku hiyo, lakini tangu hapo tulifanya hesabu pamoja.

Msalimie mama yako.

Dani, bibi yako anayekupenda