Maji Yanayopimwa kwa Pua

Meru, 6 Mei 2003

Mama mpendwa,

Nakusalimu katika jina la Bwana. Mimi ni mzima na kazi ya maabara inaendelea. Felicitas wangu hajambo? Bado anakuchosha na maswali?

Mama, yale maji ya mradi wa hapo kijijini niliyobeba Pasaka nimeyapima. Viini vya ugonjwa hamna. Lakini klorini inakutana na majani yaliyooza ndani ya tangi, inazaa kemikali nyingine. Hazionekani, na zikinywewa miaka mingi zinaweza kuleta saratani. Mwambie Mzee Gitari na kamati yake wachuje maji kwanza, klorini iwe ya mwisho. Wakikataa, shule zikifungwa Agosti nitamchukua mwanangu aje kuishi nami.

Mwanao,
Lydiah

Kianjokoma, 19 Mei 2003

Binti yangu Lydiah,

Hatujambo, mvua ni nyingi na maharagwe yanapendeza. Wewe je, kile kifua kimepona?

Barua yako imenichoma. Felicitas nimemlea tangu aachishwe ziwa, leo unamtaka kama sufuria uliyoniazima! Hata hivyo nilimwendea Gitari. Unamjua, yeye hupima kwa pua. Anakwenda bomba la mwisho, kwa Muthamia, ananusa, na asiposikia harufu anaongeza dawa. Akaniambia, "Mama Lydiah, maji yasiyonuka hayana dawa. Hiyo sayansi ya Meru ibaki Meru."

Jumapili nikasimama kanisani baada ya matangazo, nikasema yote. Watu wameshtuka, wameiacha klorini kabisa. Umefurahi sasa?

Mama yako

Meru, 27 Mei 2003

Mama,

Natumaini nyote ni wazima, maana mimi roho imeruka.

Rudisheni klorini leo hii! Taifodi inaua upesi, hizo kemikali huchukua miaka. Ubaya uko kwenye uchafu unaokutana na klorini. Osheni tangi, wekeni kichujio cha mchanga na kokoto, kisha klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye mkebe. Kabla ya hapo mchemshie mtoto kila tone.

Mwanao,
Lydiah

Kianjokoma, 2 Agosti 2003

Binti yangu,

Salamu kutoka kwetu sote. Usikasirike kwa kimya changu.

Barua yako ilinikuta mtoto wa Muthamia amelazwa hospitali ya Runyenjes kwa taifodi. Amepona, Mungu ashukuriwe. Klorini ilirudi jioni hiyohiyo. Nami nikabeba jembe, nikaenda kwenye tangi peke yangu. Akina mama wa kanisa wakanifuata, na wanaume walipoona aibu wakaja. Matope tuliyotoa, usiulize! Kichujio kipo, na Gitari anatumia kipimo. Pua yake imestaafu.

Mwalimu Njura anakuletea chupa ya maji mapya. Pima, na usinionee huruma. Yakiwa mabaya, njoo umchukue Felicitas. Nguo zake nimeshazifunga kwenye leso. Nimelia, nimemaliza.

Mama yako

Meru, 9 Agosti 2003

Mama,

Salamu zitafuata. Maji ni mazuri. Fungua hiyo leso.

Mwanao