Paa la Duara la Manase

Kilimatinde, 4 Mei 1952

Mwanangu Manase,

Marahaba. Sisi wazima, na uwele umekomaa.

Michoro yako niliitandaza sakafuni. Nikawaeleza watu kwamba udongo ukipindwa kama nusu ya kibuyu iliyofudikizwa hujibeba wenyewe, bila nguzo. Shangazi yako Damari akauliza, "Kaka, na uwele nitauanika wapi? Kwenye paa hilo utabingirika mpaka kwa jirani." Tulicheka sana, maana juu ya paa bapa la tembe ndipo tunapoanika.

Unasema ofisini wamekuachisha kazi kwa sababu ya michoro hiyo, nawe unataka kuichoma. Usiichome. Shangazi amebomoa zizi upate kiwanja, ila juu umwachie mahali bapa. Mbuzi sasa wanalala chumbani mwako, kwa hiyo usichelewe.

Baba yako mkubwa,
Melkiori