Baba Amekutazama Jumamosi

Nyumbani,
Chumba cha nyuma ya karakana.
Jumatatu, tarehe 8 Julai.

Mpendwa mdogo wangu Sisimizi,

Pokea salamu zangu kwanza kabla sijaanza kukugombeza, maana kugombezwa utagombezwa. U hali gani huko? Unalala vizuri? Unakula? Nauliza kwa sababu Jumamosi tumekuona kwenye televisheni, mashavu yamebonyea kama ya mtu aliyenyimwa uji. Miguu ndiyo imejaa. Mama anasema wanachokulisha huko chote kinaishia mapajani.

Sisi huku hatujambo, tunamshukuru Mungu. Mama mguu umepungua kuvimba, ingawa akiona mtu anamwonea huruma anaanza kuchechemea upya. Mimi bado niko na cherehani yangu. Mwezi huu nashona makoti ya wauguzi, arobaini na mawili, kila moja mifuko mitatu, na mkuu wao ana jicho la mwewe. Baba naye ni mzima. Kikohozi kile cha mwanzo wa mwaka kimekwisha.

Sasa tuje kwenye barua yako. Niliisoma mara mbili, ya pili nikiwa nimekaa chini. Unasema msimu ukiisha huji nyumbani, utabaki huko huko, kwa sababu baba anakuonea aibu. Unasema huwezi kukaa meza moja na mzee ambaye kwa miaka miwili hajataka hata kukutazama. Kipande hicho mama sikumsomea. Nilimwambia unasalimia, nikakunja karatasi, nikaenda kulia jikoni kama mtoto.

Na siwezi kukukatalia, maana hata mimi niliamini hivyo hivyo. Mbio zako za kwanza kubwa za baiskeli tulizitazama sote kwa Kinyozi hapa jirani. Ukatokea mbele kabisa, watu zaidi ya mia wako nyuma yako, sisi tunaruka juu ya viti. Zimebaki mita mia mbili tu, ukajitoa pembeni. Ukalegeza mwendo, wakakupita wote. Baba akasimama, akasema inatosha, akatoka. Tangu siku ile hakukanyaga kwa Kinyozi. Hata ndevu alianza kujinyoa mwenyewe, na kidevu chake kilijua.

Tukasema mzee ana hasira. Tukasema anaona amezaa mtu wa kuwaachia wenzake njia. Wewe uliandika mara ngapi kwamba hiyo ndiyo kazi uliyoajiriwa, kumkinga yule Jitu wenu na upepo hadi karibu na mwisho, kisha umpishe amalizie? Nisamehe, mdogo wangu. Tulisoma tukadhani unajitetea. Kinyozi naye alikuwa akieleza hayo hayo kila siku, ila yule akishika mkasi hueleza kila kitu, hata mambo ya mwezini, nasi tulimwacha aseme. Akili ni nywele, kila mtu ana zake, naye anazifagia za mji mzima.

Jumamosi basi. Saa sita mchana Kinyozi alikuwa katikati ya ndevu za tarishi wetu, soketi ikatoa cheche, mashine ikazima. Dakika tano baadaye tukamwona anaingia karakanani kwa baba, televisheni kaikumbatia kifuani, na tarishi anamfuata na kitambaa shingoni, shavu moja jeupe na jingine kichaka. Karakana ina soketi moja tu inayofanya kazi. Tarishi akadhani ni ya mashine. Wapi! Kinyozi akachomeka televisheni, akamwambia ndevu hazina saa, mbio zina saa.

Ungemwona baba. Alitazama mlango, akatazama gurudumu lililokuwa mbele yake. Lilikuwa la tarishi huyo huyo, na alikuwa amemwahidi litakuwa tayari kabla ya kufunga. Unamjua baba, akiahidi kazi haondoki. Basi akageuza kigoda, akaipa televisheni mgongo, akaendelea kukaza spoki moja moja.

Nikuambie ukweli? Mbio zenu za tambarare zinachosha kutazama. Milima walau mtu anateseka tukamwona. Hii ni saa nne za mashamba na migongo ya watu. Nilishona mifuko kumi na moja nikilala, moja nimeishona juu chini. Kulikuwa na wale wawili waliochomoka mwanzoni na kutangulia peke yao, mama akawaonea huruma, akaanza kuwaombea wasikamatwe. Kinyozi akamwambia, mama, hao wasipokamatwa mwanao hana kazi leo. Akaacha kuomba hapo hapo.

Halafu tukakuona unarudi nyuma kwenye gari la timu, unajaza chupa za maji mgongoni mpaka unavimba, unakwenda kuwagawia wenzako. Jamani! Mama alisimama na mguu wake. Wamemfanya mwanangu mchota maji? Mtoto nimemzaa mwenyewe, nyumbani kwangu hakuwahi hata kujichotea ya kuoga! Spana ya baba ilisimama kidogo.

Zilipobaki kilomita kumi wale wawili wakamezwa, na nyinyi mkaanza kupangana kama mnaingia kwenye tundu la sindano. Hapo usingizi uliniruka. Sikujua kama mnakwenda kasi hivyo. Mabega yanagusana, huyu anamsukuma yule kwa kiwiko, na barabara inakata kona kati ya maduka.

Zimebaki kilomita tatu, watu wakaanguka. Ulisikia wewe, sisi tulisikia zaidi. Sauti ile ya vyuma barabarani, mtangazaji anapiga kelele, rundo la watu na baiskeli. Mama akajifunika uso. Mimi nikawa nahesabu jezi zenu za njano na nyeusi pale chini, roho iko mkononi. Na ndipo baba alipogeuka. Aligeuka mzima mzima, gurudumu la watu mkononi, akauliza yuko wapi. Miaka miwili, na neno la kwanza ni hilo. Tarishi akamwonyesha kwa kidole: yule pale mbele, mzee, wa tatu, hajaguswa.

Baba hakukigeuza tena kile kigoda. Kilomita ya mwisho aliitazama kwa macho yote. Mwenzenu wa kwanza akavuta akachoka akatoka, wa pili akatoka, ukabaki wewe mbele na Jitu kajificha mgongoni kwako. Kichwa chini, mdomo wazi. Na ilipofika pale pale, mita mia mbili, ukajitoa pembeni.

Baba akapiga ukelele. Goti! Goti lake limekataa tena!

Sisimizi, karakana nzima ilimgeukia. Jitu akapita kwenye mstari na mikono juu na hakuna aliyeshangilia. Mama akamuuliza goti gani. Baba akasema, goti lake lile bovu, linamwangusha kila akikaribia mwisho, na hao watu hawana huruma, wanamkimbiza mtoto mgonjwa.

Goti lako la kushoto. Lile uliloumia ukiwa na miaka kumi na mmoja, ulipochukua baiskeli ya mteja bila ruhusa ukateremka nayo mlimani, ukashonwa nyuzi tisa, na mama akakuchapa bandeji bado mbichi. Hata mimi nililisahau. Baba hakulisahau. Siku ile kwa Kinyozi alipokuona unalegeza mwendo, aliona goti. Hakuona mtu aliyekata tamaa, aliona mtoto wake anaumia mbele ya dunia nzima, na hakuweza kukaa. Miaka miwili mzee wetu alikuwa akikukimbia kwa uchungu, nasi tunasema ni hasira.

Kinyozi akafungua kinywa aeleze, tarishi akamzuia: mwache, mwenye macho haambiwi tazama. Kwa sababu walikuwa wameanza kurudia picha, polepole, kutoka mbele. Baba alivaa miwani yake ya kazi, akasogea mpaka pua ikakaribia kioo. Unajua yeye gurudumu likiyumba kwa unene wa ukucha analiona kutoka mlangoni. Akaweka kidole chenye grisi juu ya goti lako, kikawa kinalifuata. Linapanda sawa, akasema. Linashuka sawa. Halikwami popote.

Wakarudia tena kutoka juu. Safari hii tulikuona unachungulia nyuma chini ya kwapa, unahakikisha Jitu yupo, kisha ndipo unampisha. Baba akasema taratibu, kama anajisemea: amejitoa mwenyewe, hakuanguka, amemfungulia. Na picha ya mwisho ikaonyesha Jitu anavuka mstari, na nyuma yake huko, mtu wa ishirini na kitu, wewe, umeachia usukani na mikono yote miwili iko juu.

Akauliza, na huyu wa nyuma anashangilia nini? Kinyozi akamjibu, safari hii kwa maneno mawili tu: ameshinda, mzee.

Baba akakaa chini sakafuni. Akachukua kitambaa cha kufutia cheni, akajifunika nacho uso, mabega yakawa yanacheza. Mimi sijawahi kumwona baba analia, wewe umewahi? Alipokiondoa alikuwa mweusi tii hadi masikioni. Mama akamfuta kwa kanga yake mpya na hakunung'unika, basi elewa mwenyewe ilikuwa hali gani.

Gurudumu la tarishi halikuisha siku hiyo. Ni ahadi ya kwanza ninayoijua baba kuivunja. Tarishi akaenda zake kwa miguu, nusu ndevu, anacheka njia nzima. Kesho yake likawa tayari, yaani jana Jumapili, na baba mwenyewe akalipeleka mpaka mlangoni kwake.

Tangu hapo hatupumui. Kila mteja anayeingia na pancha lazima asikilize habari ya upepo, kwamba anayekaa mbele anautafuna peke yake na wa nyuma anapona, na kwamba kumaliza kwa nguvu si kazi, kazi ni kujua pa kuachia. Ameyajua Jumamosi, anayafundisha Jumatatu. Kinyozi amepata mwenzake.

Kwa nini goti lako limemtesa kiasi hicho, mimi sijui. Alimwambia mama peke yake Jumamosi ile ile, wakiwa wamekaa barazani, na mama alipoingia ndani alikwenda moja kwa moja kulala. Nilimdadisi weee, akasema hilo si lako kuandika wala langu kusema, ni la baba yenu. Asubuhi hii mzee ameniomba nimwachie nafasi chini ya barua. Unamjua kwenye simu, ni eeh, haya, huyu hapa mama yako. Kwenye karatasi hajawahi kujaribu. Sitasoma atakachoandika, nimemwahidi, ataifunga bahasha mwenyewe.

Mimi nakuomba jambo moja. Ile barua yako ya kukataa kuja, nimeiweka chini ya cherehani. Niandikie niichane. Kama bado unataka kubaki huko, basi iwe kwa sababu nyingine, hii ya aibu imekufa, nimeizika kwa mikono yangu.

Mama anakusalimu sana na anasema chupa za maji wabebe wenyewe, wana mikono. Kinyozi anakusalimu, anadai yeye ndiye aliyekugundua. Tarishi anakusalimu kwa mashavu yote mawili. Na wewe msalimie Jitu wenu, mwambie huku sasa tunampenda, ingawa ashukuru aliye mbele yake. Mungu akutangulie kwenye kila kona, akuondolee wale wa viwiko, akurudishe kwetu ukiwa mzima.

Mimi dada yako, anayekupenda hata anapokugombeza.

*

Sisimizi mwanangu,

Mimi si mwandishi. Nitasema jambo lenyewe.

Ile baiskeli ya mteja, breki ya mbele niliibadilisha mimi asubuhi ile. Wateja walikuwa wengi, nati ya waya sikuikaza. Nilipokwenda kuiokota baiskeli barabarani niliikuta nati inaning'inia. Nikaikaza pale pale kabla ya kuja nyumbani, asije mtu akaiona. Mama yako akakuchapa kwa kosa langu, nami nilikuwa nimesimama mlangoni, nikanyamaza. Nimenyamaza mpaka Jumamosi.

Umekua ukijua ulianguka kwa utundu wako. Si kweli. Ungeweza kusimama. Breki ndiyo haikuwepo.

Nimeliona goti kwenye televisheni, linazunguka vizuri. Namshukuru Mungu, lakini hilo halifuti langu. Njoo nyumbani uniambie usoni lolote utakalo, nitasikiliza. Njoo hata kama ni kunigombeza tu.

Baba yako.